Mfuko uleule, mashamba mawili: fosforasi inafanya nini kwenye karanga za nchi kame

Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nanenane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea jijini Mbeya. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi, uliokuwa umepaa hadi zaidi ya shilingi 130,000, ukashushwa hadi 70,000. Kwa mkulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini hiyo ilikuwa nafuu kwenye kitu alichokizoea miaka mingi. Lakini mifuko ilifika pia wilaya kame za Kongwa, Bahi, Manyoni na Kishapu, kwenye vijiji ambako mbolea ya dukani ilikuwa habari ya watu wa mbali. Huko ikakutana na zao ambalo wengi hawakuwahi kuliwekea chochote: karanga.

Mabishano yakaanza hapo, na hayajaisha. Mmoja anasema aliweka DAP na magunia yakaongezeka. Jirani yake, mpaka kwa mpaka, mbolea ya duka lilelile, anaapa kwamba alizika hela ardhini. Bwana shamba mmoja anasema weka, mwingine anasema karanga hazitaki mbolea kwa sababu zinajitengenezea. Wazee nao wanaonya kwamba mbolea ya chumvichumvi inaunguza ardhi.

Nimeyasikiliza mabishano haya muda mrefu, na naona kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Ugomvi unatokana na kwamba tunaingoja fosforasi ifanye kazi ya mvua, halafu isipofanya tunasema haifai. Ina kazi yake, tena kubwa. Ila ina tabia ya pekee, na asiyeijua tabia hiyo anaweza kununua mfuko mzima asivune chochote cha ziada.

Kwanza tusome mfuko

Mmea unahitaji virutubisho vingi, lakini vitatu ndivyo vinavyoandikwa kwa namba kubwa kwenye mfuko: naitrojeni, fosfeti na potashi, kwa mpangilio huo. DAP imeandikwa 18-46-0. Maana yake katika kila kilo 100 kuna kilo 18 za naitrojeni, kilo 46 za fosfeti na potashi hakuna. Fosfeti ni namna viwanda vinavyoihesabu fosforasi ikiwa imeungana na oksijeni. Fosforasi yenyewe ni kama asilimia 44 ya hesabu hiyo. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti, sawa na kama kilo 10 za fosforasi.

TSP ni 0-46-0: fosfeti ileile, bila naitrojeni. Urea ni 46-0-0: naitrojeni tupu, fosforasi haimo kabisa. Nalisema hili kwa sababu mabishano mengi huisha hapa hapa. Mtu anasema “niliweka mbolea kwenye karanga ikanishinda”, ukimuuliza ilikuwa ipi, ni urea iliyobaki kwenye mahindi. Huyo hakujaribu fosforasi. Na rangi isikudanganye: DAP nyeusi haina nguvu kuliko ya kahawia wala ya njano. Rangi hutokana na mwamba ilikotoka na jinsi kiwanda kilivyoisindika. Soma namba.

Paneli na betri

Siku hizi karibu kila kijiji kina paneli za sola, basi tutumie hizo. Majani ya karanga ni paneli: yanapokea jua. Lakini nguvu ya jua lazima ibebwe kutoka jani kwenda kwenye mzizi, kwenye ua na kwenye punje. Kinachoibeba ndani ya mmea ni kemikali iliyojengwa kwa fosforasi. Hiyo ndiyo betri. Ukiwa na paneli kubwa na betri iliyochoka, taa hazifiki usiku.

Mche wa karanga wenye njaa ya fosforasi hauonyeshi unjano wa kutisha kama mahindi yaliyokosa naitrojeni. Unabaki mfupi, majani madogo ya kijani kilichokolea, mizizi haba, na unachelewa kutoa maua. Mkulima akiutazama anaona kijani anaridhika. Kwa miaka mingi njaa hii imepita bila mtu kuiona, hasa kwenye udongo wa kichanga kama luseni ya Usukumani, ambako karanga hupendwa kwa sababu kuchimba ni rahisi.

“Zinajitengenezea mbolea”

Nusu kweli. Kwenye mizizi ya karanga wanaishi bakteria wanaojenga vinundu vidogo mithili ya punje za ulezi. Bakteria hao huchukua naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa kwa sukari. Lakini kazi hiyo inakula nguvu nyingi mno, na nguvu tumeshaona inabebwa na nini. Karanga isiyo na fosforasi ya kutosha hujenga vinundu vichache na vidogo, kisha inakosa hata ile naitrojeni tunayosema inajitengenezea.

Fosforasi yenyewe haitengenezwi na kiumbe yeyote. Haiko hewani. Ama imo kwenye udongo wako, ama umeileta.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Wiki ya tano au ya sita baada ya kupanda, chimbua mche mmoja kwa jembe, taratibu, usiung'oe kwa kuvuta kwa sababu vinundu vitabaki ardhini. Suuza mizizi, pasua kinundu kwa ukucha. Ukiona wekundu au waridi ndani, bakteria wako kazini. Wekundu huo unatokana na kitu ambacho ni ndugu wa kile kinachoipa damu yetu rangi. Ukiona weupe au kijani, au vinundu vyenyewe ni vya kuhesabu kwa vidole, karanga zako hazijitengenezei chochote cha maana.

Ndiyo maana urea kwenye karanga ni hasara hata ikigawiwa bure. Mmea unaopewa naitrojeni mdomoni unaacha kuwalisha bakteria. Unapata shamba la kijani la kupigia picha, na chini karanga haba. Ile naitrojeni kidogo iliyomo kwenye DAP haina ubaya huo ikiwekwa kwa kiasi: mche mchanga unahitaji cha kuanzia kabla vinundu havijaanza kazi.

Bizari kwenye kanzu

Sasa tufike kwenye tabia yenyewe, maana hapa ndipo majirani wawili wanapoachana.

Naitrojeni ni kama sukari kwenye chai. Mvua ikinyesha inayeyuka, inasambaa, na ikizidi inapotelea chini. Fosforasi ni bizari iliyodondokea kanzu nyeupe: inaposhuka ndipo inaposhika. Udongo mwekundu una chuma na alumini vinavyoidaka. Udongo wenye chokaa nyingi unaidaka kwa kalsiamu. Shamba linaweza kuwa na mamia ya kilo za fosforasi kwa hekta, lakini karibu yote iko kwenye kibubu kilichofungwa, na mmea unaishi kwa sarafu chache zilizo nje.

Ukiongeza ya dukani, nayo inaanza kudakwa. Msimu wa kwanza mmea hupata kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 20 tu ya ulichoweka. Iliyobaki haijapotea. Inaachiliwa polepole misimu inayofuata. Kwa hiyo anayefanya hesabu ya DAP kwa msimu mmoja anaipunja mbolea yake; hajavuna bado sehemu kubwa ya alichonunua.

Jambo la pili ni mwendo. Fosforasi husafiri kwenye udongo kwa milimita chache tu, na barabara yake ni utando mwembamba wa maji unaozunguka chembe za udongo. Udongo ukikauka, utando unakonda, kisha unakatika. Fosforasi ipo, mzizi upo, kati yao kuna nafasi ya unene wa kidole, na hawafikiani. Karanga husaidiwa na kuvu rafiki wanaoishi kwenye mizizi na kunyoosha nyuzi zao mbali kuliko mzizi wenyewe, na huo ni msaada mkubwa, lakini hata kuvu hao wanahitaji unyevu.

Chukulia basi wale majirani wawili. Wa kwanza alingoja mvua ishibishe ardhi, akafungua mfereji kwa plau ya ng'ombe, akanyunyiza DAP chini, akaifukia kwa udongo, ndipo akaweka mbegu. Mbolea ikalala kina cha kiganja, mahali ambapo unyevu hukaa hata jua likichoma. Wa pili alipanda, akaona miche imetoka, akarusha DAP juu kama anavyokuzia mahindi. Ikabaki kwenye sentimita mbili za juu, zile zinazokauka kwanza. Februari mvua ikakata, kama ilivyo kawaida yake Dodoma, na kwa wiki tatu mbolea ile ilikaa kwenye vumbi.

Na huenda wa pili alikuwa na sababu nyingine asiyoijua: shamba lake lilikuwa zizi la babu. Udongo wa zizi la zamani huwa umeshiba fosforasi. Ukiuongezea hauna cha kukuonyesha.

Je, maji si ndiyo shida yenyewe?

Swali hili ni la haki. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo vichache vinavyokimbilia korongoni. Karanga za muda mfupi zinahitaji siku 90 hadi 120, na zinaumia zaidi zikikosa maji tangu maua yanapotoka hadi punje zinapojaa. Mbolea itafanya nini hapo?

Miaka ya 1970, watafiti wa Mali na wa Uholanzi walipima malisho ya Saheli wakakuta jambo lililowashangaza wengi: kwenye maeneo mengi yanayopata mvua zaidi ya milimita 300 hivi kwa mwaka, kilichobana ukuaji zaidi kilikuwa uhaba wa naitrojeni na fosforasi, si maji. Mvua ilinyesha, mimea ikashindwa kuitumia yote kwa sababu ya njaa. Mmea wenye mizizi mifupi unaacha maji chini yake. Mmea uliopata fosforasi mapema unashuka chini zaidi, majani yake yanafunika ardhi mapema, na maji mengi zaidi yanapitia kwenye mmea badala ya kupaa kutoka kwenye udongo mtupu. Milimita zilezile, karanga zaidi.

Lakini ni milimita zilezile. Zikikosekana kabisa, hakuna mfuko unaozileta. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu, na shamba la karanga la nchi kame lina mafiga matatu: maji, fosforasi, na la tatu nitalifikia. Ukinenepesha figa moja, chungu hakikai vizuri zaidi.

Kongwa inalijua hili kuliko mahali pengine popote duniani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikilenga zaidi ya eka milioni tatu ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Zililetwa trekta na buldoza, ikajengwa hadi reli kutoka Mtwara. Fedha hazikuwa shida. Lakini mvua za Kongwa hazikufuata ratiba, na udongo wake uliokauka ukawa mgumu kama sakafu, ukasaga vyuma vya majembe na kuzikatalia karanga kutoka ardhini. Mwanzoni mwa 1951 mradi uliachwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Kila ninaposikia mpango wa kilimo unaoanza na idadi ya mifuko au ya trekta, kabla hata mtu hajauliza maji yatakaaje shambani, naikumbuka Kongwa.

Kwa hiyo ukiwa na hela ya kitu kimoja tu kwenye shamba la mteremko, anza na maji. Matuta yaliyokingamishwa mteremko, yakafungwa kwa vizuizi vidogo kila baada ya hatua kadhaa, hugeuza kila kipande cha mfereji kuwa beseni. Nguvu zinatoka kwa mwenye shamba na jembe lake. Fosforasi iliyo chini ya tuta la namna hiyo inabaki na barabara siku nyingi zaidi mvua ikikata.

Maganda matupu: figa la tatu

Hili ndilo jambo ambalo naliona limesahauliwa mno, na linalowafanya wakulima waaminifu waitukane DAP bila kosa lake.

Karanga ni mmea wa ajabu. Ua linachanua juu, linachavushwa, kisha linatoa kikonyo chembamba kinachoinama, kinatoboa ardhi, na tunda linakua gizani. Mmea mwingine hulisha tunda lake kupitia mizizi na shina. Karanga inafanya hivyo kwa karibu kila kitu isipokuwa kalsiamu. Kalsiamu hupanda na maji kwenda kwenye majani yanayotoa jasho, na ikifika huko hairudi chini. Tunda lililozikwa halitoi jasho, kwa hiyo halipati mgao. Inabidi lifyonze kalsiamu lenyewe, kwa ganda lake, kutoka kwenye udongo uliolizunguka, zile sentimita chache za juu.

Udongo huo ukiwa wa kichanga, uliolimwa miaka mingi, kalsiamu imeisha. Au ipo, lakini umekauka wakati wa kujaza, na tunda haliwezi kufyonza kutoka kwenye vumbi. Matokeo ni ganda zuri lisilo na kitu ndani, au lenye punje moja iliyosinyaa.

Sasa mweke hapo mkulima aliyetia DAP. Fosforasi imefanya kazi yake: mche mkubwa, maua mengi, vikonyo vingi. Kila kikonyo kinadai kalsiamu. DAP haina kalsiamu hata chembe. Anang'oa, anaona maganda yamejaa mkononi, anafurahi. Anamenya, anataka kulia. Akisema mbolea imemdanganya utamwelewa. Ilimpa matunda ambayo udongo wake haukuweza kuyajaza.

Dawa si ngumu. TSP ina kalsiamu kiasi. SSP, mbolea ya fosfeti ya zamani yenye kiwango kidogo zaidi, ina kalsiamu nyingi na salfa pia. Kwa karanga naiona bora kuliko DAP pale inapopatikana. Halafu ipo jasi, madini yenye kalsiamu. Tanzania inachimba jasi Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida, na Kilwa, na nyingi inaishia kwenye viwanda vya saruji. Hupigwa juu ya mstari karanga zinapoanza kutoa maua, kwenye ule udongo vikonyo vitakamozama. Kiasi cha kilo 80 hadi 160 kwa eka kinatajwa sana. Karanga za punje kubwa zinaihitaji zaidi kuliko za punje ndogo. Inaniuma kuona mkulima wa Manyoni akivuna maganda matupu ilhali jasi inapakiwa kwenye malori hapo jirani, Itigi.

Ukame wa mwisho wa msimu una hatari nyingine: karanga zilizokaukiwa na udongo wakati wa kujaza hushambuliwa kirahisi na fangasi wa sumukuvu. Hilo linastahili makala yake, lakini matuta yanayoshika maji yanasaidia huko pia.

Kinyesi cha mnandi

Fosforasi nyingi duniani hutoka kwenye miamba, na akiba kubwa kuliko zote iko Moroko. Ndiyo maana bei ya DAP Kibaigwa hutikiswa na mambo yanayotokea mbali. Lakini sisi tunayo yetu, na asili yake ni ya kupendeza. Karibu na Ziwa Manyara, pale Minjingu, ziwa la kale lilikuwa pana kuliko la leo, na juu ya kilima kilichokuwa kisiwa waliishi mnandi wengi, ndege wanaokula samaki. Vinyesi na mifupa yao vilirundikana, vikageuka mwamba wa fosfeti. Mifupa ya ndege hao bado inaonekana ndani yake. Miaka ya 1980 mgodi ulianza kulisha kiwanda cha mbolea cha Tanga.

Fosfeti ya Minjingu ina kalsiamu nyingi, jambo zuri kwa karanga. Lakini ni mwamba uliosagwa, na mwamba unahitaji uchachu wa udongo na unyevu ili uyeyuke. Kwenye udongo mchachu wenye mvua inafanya vizuri. Kwenye udongo wa magadi kidogo, mvua milimita 550, inayeyuka kwa kujivuta, na mkulima anayengoja matokeo msimu huohuo atavunjika moyo. Ndiyo sababu watu wawili wa mikoa miwili wanabishana juu ya Minjingu bila kuelewana. Mmoja analima penye uchachu, mwingine hana. Kipimo cha udongo kinamaliza ubishi. Chuo Kikuu cha Sokoine na kituo cha Mlingano cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, wanapima.

Inaunguza ardhi?

Inaunguza mbegu, hilo ni kweli. DAP ikigusana na mbegu ya karanga kwenye udongo wenye unyevu haba, chumvi yake na amonia inayotoka vinaua mche. Ukiona mapengo kwenye mstari, umeshajua. Acha udongo wa vidole vitatu kati yao.

Ni kweli pia kwamba DAP na urea zikitumika miaka mingi bila samadi wala chokaa huongeza uchachu. Lakini ardhi ambayo haijawahi kuonja mbolea nayo imechoka, na hapo wa kulaumiwa ni hesabu tu. Tani moja ya karanga zenye maganda inaondoka na kama kilo tatu za fosforasi, na majani yaliyobebwa kwenda kwa mifugo huchukua karibu kiasi hichohicho. Tumefanya hivyo tangu enzi za babu zetu.

Samadi inarudisha fosforasi, kalsiamu, na uwezo wa kushika maji, yote matatu kwa mkupuo. Ugogoni na Usukumani ng'ombe wapo, na maboma yana vichuguu vya samadi ambavyo watoto wanavipanda kuchezea. Tani mbili kwa eka kwenye mchanga ni mikokoteni mingi, najua, na mgongo unauma. Basi peleka kipande kimoja cha shamba kila mwaka.

Kiasi gani, na wapi

Ushauri unaosikika sana ni kilo 40 za fosfeti kwa hekta, sawa na kama kilo 35 za TSP au DAP kwa eka. Kwa nchi kame mimi ningeanza na nusu yake, kilo 17, yaani theluthi ya mfuko. Kumbuka eka inayotoa kilo 400 zenye maganda inatoa fosforasi kilo moja na robo hivi kwenye mavuno, au mara mbili ya hapo ukichukua na majani. Theluthi ya mfuko ina kilo tatu na zaidi. Unarudisha ulichochukua na kuacha akiba kidogo, na mwaka ukiwa mbaya hujafilisika.

Huko Niger na Mali wakulima wa uwele walifundishwa kuweka kipimo kidogo kando ya kila shimo, kwa vidole vitatu au kifuniko cha chupa. Karanga hupandwa kwa ukaribu mno kwa mtindo huo, lakini kisoda bado kinafaa. Mistari ikiwa sentimita 50, kisoda kimoja kinachobeba kama gramu 5 kinanyunyizwa kwenye mfereji kwa hatua tatu. Inatoka karibu kilo 17 kwa eka.

Ipo njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa mwenye eka chache. Weka mbolea kwenye mtama au mahindi mwaka huu, kisha mwaka unaofuata panda karanga palepale bila kuongeza kitu. Mtama unalipia mfuko, na karanga, ambazo ni hodari kufukua fosforasi iliyobaki, zinakula masalia.

Kabla ya kuniamini mimi au mwenye duka, jaribu mwenyewe. Pima vipande viwili vya mita 10 kwa 10, kimoja na mbolea, kimoja bila, vikiwa ubavu kwa ubavu. Fanya hivyo sehemu tatu za shamba, mbali na zizi la zamani na kichuguu. Kila kitu kingine kiwe sawa: mbegu, siku ya kupanda, palizi. Vuna, kausha siku sawa, menya, pima kwa mizani. Chukua wastani wa tofauti, zidisha kwa 40, hiyo ni eka yako. Tuseme mfuko ni 75,000 na karanga zilizomenywa ni 2,500 kwa kilo: theluthi ya mfuko inarudi kwa kilo 10 za ziada kwa eka, ambazo kwenye kipande chako ni robo kilo tu. Rudia msimu wa pili, kwa sababu mvua haitakuwa ileile, na usisahau kuhesabu maganda matupu kwenye kila kipande.